Beki wa Ufini na Binti Yangu

Jumamosi, Agosti 2021. Doonside, Sydney. Jua linawaka lakini halifanyi kazi. Upepo wa leo ungemtetemesha hata mamba.

Nina wivu. Basi, nimeandika.

Mimi niliyevuka mipaka minne kabla sijaota ndevu, ninayejua kusalimia kwa lugha saba na kutukana kwa tisa, nimeshindwa na mzee mwenye goti la chuma. Jirani wa nyumba ya tatu ni Mfini. Alicheza beki ya kati miaka kumi na saba, Ufini, Uholanzi mpaka Skotlandi, halafu akaoa Sydney akastaafu. Tangu lokdauni ya korona ianze, ile saa moja ya mazoezi tunayoruhusiwa, binti yangu Divine anaimalizia uwanjani kwa huyo mzee. Barakoa usoni, kila mtu na umbali wake, anafundishwa ubeki. Sheria ni watu wawili tu, kwa hiyo baba mtu nazunguka nje ya uzio kama mbwa aliyefungiwa.

Divine ana miaka kumi na sita. Mimi hunijibu Kiingereza, neno mojamoja, kama analipa faini. Lakini huyo Mfini, Divine anamuuliza maswali mpaka mzee wa watu anaishiwa pumzi.

Leo nimemsikia mzee akimsimulia maisha yake ya mpira. "Miaka kumi na saba, magoli matatu," kasema, kifua mbele. "Na moja nilijifunga."

Divine kacheka mpaka kainama.

Magoli matatu! Moja kwenye wavu wake mwenyewe! Na anajisifu!

Sasa nikiri. Kwenye kila harusi ya Warundi wa huku nimesimulia kwamba kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania nilikuwa namba tisa, magoli thelathini na nane kwa msimu.

Uongo.

Nilikuwa namba nne. Beki, tena pekupeku, kucha mbili nimeziacha kule. Magoli yalikuwa ya rafiki yangu Nestori. Lakini harusini kwetu nani atampa beki kipaza sauti?

Tukirudi nyumbani nikajifanya natania: "We mama, mbona hukuja kwangu nikufundishe?"

Akanijibu kwa Kiswahili, nikajua ni neno zito. "Papa, wewe ulikuwa unafunga tu. Kuzuia utakujulia wapi?"

Loh! Miaka yote nimempamba baba asiyekuwepo, na yule aliyekuwepo ndiye ambaye mtoto alikuwa anamhitaji.

Nikasimama palepale njiani, nikamwambia yote. Namba nne, kucha, Nestori. Nilitegemea acheke, au ampigie mama yake kazini amwambie. Hakucheka. Akaniangalia miguu muda mrefu.

"Huyo Nestori, mazoezini alikuwa anakupita?"

Ulimi wangu ulishakaa tayari: hata siku moja, binti yangu, waulize watu!

"Karibu kila siku," nikasema.

"Anapitia wapi?"

"Kushoto. Anakuangalia machoni, mpira umeshaondoka."

Akavuta barakoa juu, akanisukumia mpira, akapanua miguu katikati ya njia. "Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Mara ya kwanza nimempita. Mara ya pili nimekaa chini mimi, suruali imechanika.

Wivu bado ninao, nisidanganye tena. Ila kesho saa nne asubuhi, uwanjani ameniita mimi.