Chui wa Mama Mkwe

Ndugu yangu, mjinga wa leo ni mimi, usihangaike kutafuta mwingine 😂

Tuko hifadhini, mimi, mke wangu na mama mkwe, katikati ya msitu, mwongoza watalii anatuonyesha mbega. Mara naona madoadoa kichakani. Nikapiga ukelele, "Chui!", nikatimua mbio mpaka kwenye gari.

Nikajifungia na loki. Unasikia? NA LOKI!

Kumbe chui mwenyewe ni mama mkwe na skafu yake ya madoadoa, kaenda kujisaidia!!

Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini kwenye tope.

Nikajitetea kupitia dirisha la gari: "Mama, kwa skafu hiyo, hata mwongozaji angekimbia!"

Mama mkwe akanipandisha, akanishusha kwa macho.

"Haya baba, tufanye nilikuwa chui. Binti yangu ulimwachia nani?"