Lornah wa Darasa la Jioni

Bwana Mshauri,

Nisaidie kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, kwa maana siku hiyo kaka yangu Gordon anakuja kutoka kwetu Pap Onditi, Nyakach, kunichukua mimi na watoto, na ni mimi mwenyewe niliyemwita, na sasa sijui kama nilifanya vema au niliharakisha.

Mume wangu ni karani wa bandarini hapa Kisumu, anahesabu magunia yanayopakiwa melini, na tangu Uhuru wazungu wake wanaondoka mmoja mmoja, na wakubwa wamesema atakayekalia kiti cha msimamizi lazima ajieleze kwa Kiingereza cha mdomo mbele ya kamati, si kile cha kuandika tu, basi tangu Pasaka anakwenda darasa la jioni kwenye ukumbi wa kanisa, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na siku hizo anapiga shati pasi yeye mwenyewe, mtu ambaye hajawahi kushika pasi ya makaa maisha yake yote, anapaka nywele mafuta, anaondoka. Mwanzoni nilifurahi, nikijua kiti kile kitatusomeshea watoto.

Halafu akaanza kusema Kiingereza nyumbani peke yake, akinyoa ndevu, akifunga viatu, akingoja chai, na karibu kila sentensi ina Lornah ndani yake. Mimi Kiingereza sina, niliachia darasa la nne, lakini Lornah si Kiingereza, Lornah ni mwanamke. Nikazishika zile sentensi kama mtoto anavyoshika sala, nikampelekea jirani yangu Bilha, mshonaji kutoka Nyeri, aliyesoma kwa wamisheni. Nikamwambia, Lornah gets up early. Akasema huyo Lornah anaamka mapema. Nikamwambia, Lornah puts on her blue dress. Akasema anavaa gauni lake la buluu, na hapo akasimamisha cherehani. Lornah looks after her husband, huyo anamtunza mumewe. Ya mwisho ndiyo niliyoisikia mara nyingi kuliko zote, I cannot do without Lornah, na hapo Bilha akageuka akanitazama.

"Mama, hiyo ni kusema hawezi kuishi bila huyo mtu," akaniambia, kisha akaniletea maji ya kunywa.

Sasa niambie wewe, mwanamume amejuaje mwanamke anaamka saa ngapi na anavaa gauni gani, kama hakuwepo?

Lornah ninayemjua mimi ni mmoja tu, mjane anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale sokoni, na gauni la buluu analo, nimeliona. Nilimwendea, sikumsalimu, nikapindua meza yake omena yote ikamwagika chini, nikamwita mwizi wa waume mbele ya soko zima. Hakunipigia kelele. Aliinama akaanza kuokota, akasema, "Nyar Nyakach, mume wako hupita hapa kila siku na hajawahi kununua hata kisahani kimoja. Mtu anayebania omena atanihonga nini mimi?" Wanawake wakacheka, hata wale ninaosali nao, nami nikarudi nyumbani nikamtumia Gordon habari aje.

Mume wangu sijamwuliza. Atasema ni masomo tu, nami sina Kiingereza cha kumpinga. Na kuna jambo moja linaloniuma kuliko lile la sokoni. Kwetu mwanamume hamwiti mkewe kwa jina, wangu ananiita Nyar Nyakach, binti wa Nyakach, na hiyo ni heshima, sikuwahi kulalamika. Lakini jina langu ni Dorca, na tangu anioe sijalisikia kinywani mwake hata mara moja, na la huyu mwingine linatajwa asubuhi na jioni. Je, niondoke na Gordon au nibaki?

Dorca, Kisumu


Dorca,

Barua yako ina watuhumiwa wawili na haina shahidi hata mmoja. Kabla ya kupewa safu hii nilikuwa mwandishi wa habari kwa miaka mingi, na swali langu la kwanza halijabadilika: nani alikwenda kuona? Wewe ulikwenda kwa mshonaji, ukaenda sokoni, ukatuma habari Pap Onditi. Mahali pekee ambapo hukukanyaga ni ukumbini. Kwa hiyo nilikwenda mimi, Jumatatu na tena Jumatano. Nilikaa benchi la nyuma, sikusema nimefuata nini, wala sikuuliza yupi ni mumeo.

Bilha alikutafsiria sawasawa, usimlaumu. Mwalimu anafundisha vile vitenzi vya Kiingereza vinavyofuatwa na kineno kidogo, na kineno hicho ndicho kinachoamua maana: look after ni kutunza, look for ni kutafuta, look down on ni kudharau. Anasema haviingii kichwani kwa kukaririwa vikiwa vitupu. Anataka sentensi za nyumbani, za kuamka na kuvaa na kula, na kila sentensi inayotolewa, darasa lote huirudia kwa sauti moja.

Hapo ndipo penye taabu. Wanafunzi wote ni wanaume wenye nyumba zao, makarani na mafundi wa reli. Jumatatu alikuja mwanafunzi mgeni, akaambiwa atoe sentensi kuhusu mkewe anavyovaa asubuhi. Alisimama akakataa.

"Mwalimu, huyo wa nyumbani si wa kuimbwa na kwaya," alisema, na wenzake wakapiga meza kumuunga mkono.

Mwalimu hakubishana naye. Alimwonyesha ukuta. Pale pametundikwa kalenda ya zamani ya duka, yenye picha ya mwanamke aliyevaa gauni la buluu, anamimina chai. Huyo ndiye Lornah. Mwalimu alimpa jina hilo tangu darasa lilipoanza, baada ya wanaume wote kukataa kutaja wake zao. Nilimsikia mzee wa kanisa mwenye mvi akitangaza kwamba hawezi kuishi bila Lornah, na ukumbi mzima ukarudia. Desturi inayokuuma ndiyo iliyokukinga. Ungetaka jina lako lirudiwe na mafundi wa reli ukiwa unavaa gauni?

Kwa hiyo Lornah wa ukutani ni karatasi. Lornah wa sokoni ana damu na nyama, na ulimwaibisha bure. Nenda kwake kesho, wakati soko limejaa, usimame palepale ulipomtukania na umwombe radhi kwa sauti ileile. Kumwendea kwake jioni kwa siri hakutoshi. Omena uliyomwaga, ilipe yote.

Mpelekee Gordon habari leo, asije. Mwanamke anayehamisha watoto kwa sababu ya picha ya kalenda atachekwa mpaka Bondo, na mumewe atahurumiwa hata kama hastahili.

Nasema hata kama hastahili, kwa sababu sijamaliza. Umeandika kwamba mumeo hupiga pasi shati lake Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nilimwuliza mwalimu, kisha nikamwuliza mlinzi mwenye ufunguo, kila mmoja kwa wakati wake. Darasa ni Jumatatu na Jumatano. Ijumaa ukumbi hufungwa, na haujawahi kufunguliwa jioni hiyo tangu Pasaka. Huenda wanafunzi hukutana kwingine kufanya mazoezi. Huenda sivyo. Mimi sijui, na wewe pia hujui, kwa sababu ulikuwa umeshughulika na Lornah.

Basi mwulize. Lakini jina la Lornah usilitaje. Ukilitaja atacheka, nawe utacheka, na Ijumaa itapita katikati ya vicheko vyenu. Mwache ale ashibe, watoto wawe nje, umwulize Ijumaa huwa anakwenda wapi. Mwulize kwa Kijaluo, ambacho nyote wawili mmezaliwa nacho, kisha unyamaze mpaka ajibu.