Spana za Paipu ya Breki

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungua stoo, nimewagawia mafundi vifaa, nimefagia. Upepo umerudisha vumbi lote. Madam Njoki, meneja wetu hapa gereji, amenipa kazi mpya: nichague spana za paipu za breki. Tulizo nazo zinakula kona za nati, na nati ikishakuwa mviringo, dawa ni kukata paipu. Nina diploma ya ununuzi. Nati sijawahi kufungua hata moja. Kipindi changu cha majaribio kinaisha mwezi huu. Naogopa.

Jumanne, 4 Machi
Nimelala chini ya basi la shule nikipima nati. Nyingi ni namba kumi, chache kumi na mbili. Fundi Ouma alicheka: "Karani, unashonea gari suti?"

Dukani hapa Kitengela nimekataa spana ya kurekebisha, inacheza. Nimekataa ya mdomo wazi. Inashika nati pande mbili tu. Nimechukua ya pete yenye mwanya. Mwanya unapita juu ya paipu, kisha pete inakumbatia nati karibu pande zote. Nilichagua zenye chuma kinene, pete isije ikatanuka. Muuzaji alisema nina macho. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumatano, 5 Machi
Ouma amezijaribu. Nati iliyoshika kutu imefunguka bila jeraha. Alinipigia saluti kwa kidole chenye grisi.

Mzee wa vyuma chakavu alipopita na mkokoteni, nilimpa spana zote kuukuu. Mpya zimekuja, hizo za nini tena? Stoo inapendeza.

Ijumaa, 7 Machi
Siku mbaya. Kesho basi linapeleka watoto Kajiado kwa mashindano ya riadha, kwa hivyo leo limewekwa hosi mpya ya breki, gurudumu la mbele kushoto. Pale hosi ya mpira inapokutana na paipu zinatakiwa spana mbili. Moja inazungusha nati ya paipu, nyingine inashikilia kichwa cha hosi kisizunguke. Hiyo ya kushikilia ni kumi na saba, mdomo wazi. Ilikuwa miongoni mwa zile kuukuu. Sikujua.

"Karani, umenipatia mkono wa kulia, ukatupa wa kushoto," Ouma alisema. Madam alikuwa anaita basi litoke likaoshwe. Ouma akashikilia kwa koleo, akakaza. Haivuji.

Jioni, Ouma akiwa ameshaondoka, nilichungulia. Hosi ina mstari mweupe toka mwanzo hadi mwisho. Kwenye gurudumu la kulia umenyooka. Kushoto umejisokota kama kamba. Nikinyamaza, huenda ikasugua tairi mpaka ipasuke. Nikisema, nitaulizwa spana iko wapi. Nimefunga stoo nikaja nyumbani. Sijala.

Jumamosi, 8 Machi
Nilifika kabla ya dereva, Lemayian. Alinisalimia kwa Kimaasai, "Sopa", nami badala ya kujibu "Ipa" nikamwambia sitampa ufunguo wa basi. Akadhani natania. "Karani, umeanza kuwa polisi?" Madam akaja, simu sikioni.

"Walimu wananingoja. Wewe umekuwa fundi lini?"

Nilisema spana ya kushikilia niliitupa mimi, hosi imejisokota, tafadhali waangalie. Nikampa Lemayian ufunguo azungushe usukani hadi mwisho. Ouma, aliyefika nyuma ya Madam, akainama. Hosi ilikuwa imeegemea tairi.

"Ni ukweli, Madam," alisema. "Na mkono uliokaza ulikuwa wangu."

Aliazima spana ya kumi na saba kwa gereji jirani, akalegeza, akanyoosha mstari, akakaza, akatoa hewa kwenye breki. Watoto walichelewa. Madam hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Wewe panda, uende nalo," alisema. "Jumatatu uje ofisini kwangu."

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikusikia mahubiri. Nimefua, nimepiga pasi shati la kesho. Sijui Madam ataamua nini.

Jana nilikaa nyuma ya Lemayian. Tulipopita Isinya, ng'ombe waliingia barabarani ghafla, kundi zima. Akakanyaga breki. Basi likasimama. Watoto walikuwa wanaimba. Hawakukatiza wimbo.