Motere Ilipozimwa

Mjukuu wangu Mwajuma,

Huku Kasongo tuko wazima, ila goti la bibi yako, na mbuzi wake amezaa mapacha. Umeniandikia kwamba kamio, lori lile unalotengeneza huko Kalemie, inapiga ti-ti-ti, na umebadilisha karibu kila kitu. Zima motere kwanza, halafu usikilize.

Wakati wa Wabelgiji nilitoka Kabambare nikileta maiti ya Ramazani, dereva aliyenifundisha kazi, tumzike Kasongo kabla jua halijatua. Mjane wake alikaa nyuma naye. Njiani motere ikaanza kupiga ti-ti-ti. Nikasimama, nikazima, nikafungua kifuniko. Valvu moja ilikuwa imelegea. Niliikaza huku nikiisikiliza ile ti-ti-ti, mpaka nikakumbuka kwamba motere nimeizima.

Chuma kikipoa hulia hivyo, lakini huacha kidogo kidogo. Ile haikuacha. Nikaweka kijiti, ncha moja kwenye motere, nyingine sikioni. Kimya. Nikaifuata sauti kwa miguu, nikipita ubavuni mwa kamio, mpaka nyuma. Mjane alikuwa ameweka mkono juu ya blanketi, kifuani mwa mume wake. Sauti ilitoka chini ya mkono ule.

"Ni saa yake," akaniambia taratibu. "Aliitia ufunguo asubuhi, mbele ya kufa. Iko inapiga mu mukono yangu tangu Kabambare. Usiizime, mutoto yangu."

Nikawasha motere. Mpaka Kasongo niliendesha polepole, ingawa jua lilikuwa linashuka.

Babu yako