Mlima Aliouona Guka

Kwa mjukuu wangu Muthoni,

Usicheke. Kwa kuwa nimebeba jina la cucu, nyanya yetu, binamu mdogo kama wewe ni mjukuu tu! Hapa Othaya tuko salama, majani chai yamependa mvua, na mbwa wetu Tosha amenenepa. Umeniuliza niliwezaje kuongea mbele ya watu, mimi niliyekuwa nikiitwa bubu.

Ni ile likizo ya Aprili, tulipokodi nyumba Naro Moru. Guka, babu yetu, alitaka kuuona Mlima Kenya kabla macho yake hayajazima kabisa. Lakini kila siku ilikuwa ukungu tu.

Asubuhi ya kurudi nyumbani, Tosha alikwaruza mlango akitaka kukojoa. Nikamtoa, nikainua macho. Weh! Mlima wote ulikuwa wazi, mkubwa hadi nikaogopa kupumua. Tosha mwenyewe alisahau kukojoa.

"Guka!" nilipiga kelele. "Guka, njoo!"

Familia yote ikatoka na blanketi. Guka akakaza macho, akageuza kichwa huku na huku.

"Naona weupe tu," akasema polepole. "Ati uko wapi? Niambie wewe."

Wote wakanigeukia, wakiningoja. Nikaanza: vilele vyenye ncha, mawe meusi, barafu ikigeuka rangi ya machungwa. Kiswahili kikiniishia, nahamia Kikuyu. Kisha mawingu yakafunga.

"Guka, mlima umefichwa," nikamwambia.

"Umefichwa kwako," akasema, uso bado ameuinua. "Mimi bado nauona. Endelea."

Cucu wako mdogo,
Wangari