Bundi wa Mama Eucabeth

Jepkoech uko? Siamini!

Unakumbuka yule bundi nilichora wiki tatu kwa ukuta wa ploti? Mwenye ploti, Mama Eucabeth, amempaka chokaa. CHOKAA, Jepkoech!

Ati, "Bundi analeta kifo. Unataka nizikwe?" Mbele ya wapangaji wote. Wakacheka.

Halafu bila aibu: "Nichoree flamingo kwa geti. Wamama wa chama wanakuja kwangu Jumamosi."

Nikasema, "Sawa, mathe."

Nimemaliza saa hii. Amempiga hadi picha, ati "Huyu sasa ndiye ndege."

Flamingo ni rangi ya maji, ile ya watoto wa shule. Chini ya hiyo rangi kuna bundi wa rangi ya mafuta, nilimchora jana mathe akiwa Gilgil. Macho hiviii, yanaangalia mlango wake.

Jepkoech, Jumamosi niombee mvua.