Miraa Nyuma ya Kiti cha Kapteni

Jumatatu, 3 Machi

Pundamilia kumi na moja kwenye kiwanja cha ndege kabla ya chai. Nimewafukuza na fimbo moja na matusi ya Kimeru. Pundamilia wa Timau wanaelewa Kimeru vizuri sana. Soksi ya upepo imeraruka, nimeishona na uzi wa gunia. Kiwanja safi.

Miaka tisa nalinda hii kiwanja ya shamba ya ngano. Hakuna ndege imegonga mnyama. Kule hotelini nawaambia watu Kapteni, yule anarusha ndege ya kampuni, hashuki kama mimi sijainua mkono. Kuna siku ya ukungu alishuka akifuata kofia yangu peke yake. Wanacheka, lakini chai wananinunulia.

Kendi amepiga simu kutoka Meru. Binti yangu, kitinda mimba. Rubani kamili, leseni iko, na miaka mitatu sasa anauza simu kwa duka ya mtu. Anasema ile ndege ya kampuni, hii hii inakuja kwangu Jumanne na Ijumaa, inatafuta mtu wa kukaa kando ya Kapteni. Yule wa sasa anaenda kwa ndege kubwa. Kendi ametuma maombi. Leseni yake inaisha tarehe thelathini na moja. Ikiisha kabla apate kazi, ni kurudi kulipia kupaa na mwalimu tena, na ile shamba ya mamake ya Kiritiri tuliuza ndio asome. Hakuna ingine.

Akaniuliza, "Baba, yule Kapteni si ni mtu wako?"

Nikasema ni kama tulinyonya titi moja.

Jumanne, 4 Machi

Ndege imekuja. Kapteni Oduor ameteremka. "Mzee, pundamilia wametoka?" Wametoka. Ameenda kukojoa nyuma ya stoo. Amerudi. Wamepaa.

Hiyo ndiyo urafiki yetu yote. Miaka tisa, hayo maneno. Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu atasoma.

Kendi nimemwambia Kapteni amesema tuone.

Ijumaa, 7 Machi

Nilijipanga kuongea. Nilivaa koti ya harusi. Kapteni ameuliza kama kuna maiti nyumbani. Nimecheka. Yeye amecheka. Ameenda.

Jumamosi, 8 Machi

Kendi amekuja na bahasha ya kaki. Masaa yake yote ya kupaa, maksi zake zote. Alikuwa namba moja darasani kwao. Mwenye alikuwa wa mwisho anarusha ndege saa hii, mjomba wake ni mtu mkubwa huko. Kendi anaongea hiyo mambo kama anaongea hali ya hewa.

Amekonda.

Ameniambia, "Baba, usimwombe kazi. Mpe tu asome. Akisoma, inatosha."

Nikamwambia asinifundishe watu wangu. Lakini ni yeye alinifundisha kuandika, akiwa darasa la sita kule Kaaga. Mimi shule niliiona kwa nje, nikipita na ng'ombe.

Jumapili, 9 Machi

Sikuenda kanisa. Nilikuwa nafikiria. Mzee gani anaenda kuomba kitu kizito mikono mitupu? Kwetu ukitaka mtu akusikie, unaenda na kifurushi cha miraa, na hakifungwi ovyo. Hata bibi yangu nilimpata hivyo. Babake aliangalia fundo kabla aangalie uso yangu. Na uso yangu ilikuwa nzuri.

Shemeji wangu wa Igembe ataleta. Nimemwambia iwe ile ya kwanza, si ile ya kutafunwa na makanga wa matatu.

Jumanne, 11 Machi

Nimefanya.

Nilifunga mwenyewe na majani ya ndizi, kamba ya ndizi, fundo la wazee, lile la posa. Bahasha ya Kendi ndani, katikati, ndio akifungua apate heshima kwanza, halafu karatasi. Kapteni akienda nyuma ya stoo, mlango ya ndege ilikuwa wazi. Nikasukuma nyuma ya kiti yake, chini ya koti. Hata Bosi wa kampuni alikuwa amekuja leo, anatembea kwa ngano na meneja, hakuniona.

Nilijiona mjanja. Hotelini nimewanunulia watu chai, mara ya kwanza toka kuzaliwa.

Ijumaa, 14 Machi

Ndege imekuja na kapteni mwingine. Hakuniangalia.

Halafu Mutwiri, meneja wa shamba, ameniita. "Mzee, uliweka nini kwa ndege?"

Wakirudi Jumanne, Bosi alikaa nyuma ya Kapteni. Akasikia harufu. Akavuta koti, akavuta kifurushi. Kumbe rubani haruhusiwi miraa kabisa, hata kukaa nayo. Kapteni Oduor ametolewa kwa ndege, amepelekwa kupimwa mkojo kama mwizi. Na ndani ya majani, karatasi zenye jina la msichana wangu.

Mimi sikujua. Huku hata pasta anatafuna, anasema ni ya koo.

Mutwiri hakunipigia kelele. Heri angepiga.

Jumamosi, 15 Machi

Kendi amepiga simu. Kumbe Jumatatu iliyopita walikuwa wamemwandikia aende intavyu. Watu wanne tu waliitwa. Kwa karatasi zake mwenyewe, bila mimi, bila Kapteni, bila mtu. Alinyamaza ndio aniambie akishapata kabisa. Jana wakaandika tena, asiende.

"Sijui nilikosea wapi, Baba."

Nilisema simu inaisha chaji. Ilikuwa na chaji.

Jumatatu, 17 Machi

Sijakula. Pundamilia wamekaa kiwanjani mpaka saa tatu. Nimewaangalia tu.

Ijumaa, 21 Machi

Kapteni Oduor amerudi. Walimpima, hakuna kitu. Alikuja moja kwa moja mahali nimesimama. Nilitoa kofia. Nilifikiri atanipiga, na ningekubali.

Akasema, "Mzee, ungeniuliza tu. Huyo msichana, siku ya leseni, mimi ndiye nilimpima. Alishusha ndege na upepo wa kando, mikono yangu iko kwa magoti. Hiyo majina nne, yake mimi ndiye niliandika ya kwanza."

Nikamuuliza mbona hakumtetea.

"Na mdomo gani? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshikilia chupa ya mkojo."

Kiti imepewa kijana mmoja. Gari ya Bosi ilipata pancha karibu na Embu, huyo kijana akasimama kumsaidia, kuongea kidogo, kumbe ni rubani. Hata hakuwa ameomba kazi. Nikamuuliza Kapteni kama anajua kupaa. "Anajua," akasema. "Si kama wako. Lakini anajua."

Ningetaka awe mjinga. Ningekuwa na mtu wa kutukana.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia Kendi yote. Miraa, majani, koti. Na ile ya titi moja, kwamba ni uongo.

Akauliza, "Ulifunga na lile fundo la posa?"

Ndiyo.

Alicheka kidogo, vibaya. Akasema kuna mteja. Ni Jumapili, duka imefungwa.

Jumatano, 26 Machi

Hajapiga. Nimepiga mara nne. Hotelini wameuliza habari ya Kapteni. Nimesema sijui. Wakauliza kama mimi ni mgonjwa.

Jumatatu, 31 Machi

Kendi amekuja asubuhi, bila kusema. Leo leseni inaisha. Hatukuongea hiyo. Amefukuza pundamilia pamoja na mimi, anakimbia kunishinda. Anawatukana na Kizungu, hawaelewi.

Ndege imekuja leo badala ya kesho. Kijana wa pancha ndiye alishusha. Kendi alisimama kando ya soksi, mkono juu ya macho, mpaka magurudumu yakashika. "Ameshuka vizuri," akasema.

Kabla ya kupaa kijana alinijia, mpole tu. "Mzee, upepo uko aje?"

Nilifungua mdomo. Kendi akajibu kabla yangu, ametaja upande na nguvu yake kwa zile namba za marubani. Kijana akaandika juu ya kiganja yake, na kalamu. Akamshukuru.

Tulisimama mpaka ndege ikapotelea upande wa mlima. Halafu amenisaidia kushona soksi. Imeraruka pale pale nilishona.